Droo ya Tatu

Mkutano ulianza saa nane, jua la Kisauni
limekaa juu ya mabati kama sufuria iliyosahauliwa motoni.
Ajenda zilikuwa nne: vyoo, madawati,
mtihani wa majaribio, bunduki.
Kwa mpango huo. Bunduki mwisho, baada ya vyoo.

Mwalimu Mwadime alisimama, akapandisha suruali.
"Mimi nilikuwepo siku ile."
Sote tulikuwepo siku ile.
Vijana saba, mapanga saba, ukuta mfupi.
Ngowa bawabu alikuwa na rungu na filimbi.
Filimbi aliipuliza kwa pumzi zake zote.
Tuliisikia, tukadhani ni mapumziko.
Darasa la tatu wakatoka mbio kwenda kucheza.

"Tungekuwa na moja," alisema Mwadime,
kidole kimesimama hewani, "moja tu,
Ngowa angalikuwa na mkono wake."
Feni ndiyo iliyomjibu, krr, krr.
Nami, nisiwafiche, moyoni nilisema: kweli.

Kisha nikaikumbuka droo.

Meza yangu ina droo tatu.
Ya kwanza ni ya chaki. Ya pili madaftari yanayonisubiri, na Panadol.
Ya tatu ina kufuli, ndiyo jela ya darasa:
manati mbili, simu isiyo na mfuniko,
wembe, gololi kumi na mbili,
barua ya Zuleikha kwa mtu aitwaye "wewe".
Muhula uliopita kufuli hilo lilifunguliwa
kwa kibanio cha nywele
na mtoto wa miaka tisa aliyetaka gololi zake.
Alichukua zake saba. Za wenziwe hakuzigusa.
Nilimsifu kwanza, ndipo nikamgombeza.

Basi niiweke wapi, walimu wenzangu?
Kwenye mkoba, na mahamri ya saa nne?
Kiunoni, chini ya buibui,
nikimwinamia Saumu kumsahihisha herufi
ahisi begani kitu kigumu aulize, "Mwalimu, nini hiyo?"
Au niishike kwa mkono wa kulia,
chaki niihamishie kushoto?

Mkuu anasema kutakuwa na mafunzo, siku tatu,
posho ya chakula itatolewa.
Siku tatu!
Mimi miaka kumi na sita nafundisha kutoa kwa kukopa
na nusu ya darasa bado wanakopa wasirudishe.

Lakini si droo iliyonifunga mdomo.

Wa nne kuruka ukuta, kitambaa kilimshuka usoni.
Mbwarali. Dawati la dirishani, mashoto.
Wengine walimpiga vidole ahamie kulia;
mimi nilimwacha, nikamwambia andika ulivyoumbwa.
Panga alilishika kwa kushoto.
Alisita. Akasema, wallahi akasema,
"Shikamoo, mwalimu."
Nami nikaitika. Marahaba.
Ulimi una mazoea yake.
Akapita.

Polisi waliandika: watu wasiojulikana.
Sijui kama ni panga lake lililomfikia Ngowa.
Nimejitahidi nisijue.
Na ningekuwa nayo siku ile, hiyo moja tu ya Mwadime,
salamu ile ningeiitika na nini?

"Wanaokubali," akasema mkuu.
Mikono sita. Wa Mwadime ulitangulia.
Ngowa mwenyewe alikuwa mlangoni,
amekuja tena kuulizia fidia, shati lina mkono mtupu
uliokunjwa na kubanwa kwa pini.
Bawabu hana kura. Hakuna aliyemuuliza.
Alisema tu, kama ajisemeaye,
"Ukuta wenyewe hata tofali moja haujaongezwa."

"Wanaopinga."
Wangu ulikuwa mezani, umejaa vumbi la chaki,
nauangalia kama mkono wa mtu mwingine.
Ulianza kuinuka. Au nilidhani.
Hapo filimbi ikalia uwanjani.

Watu wazima kumi na wanne tukaruka vitini.
Mwadime alikuwa chini ya meza.

Ilikuwa saa ya michezo tu.
Kiranja wa zamu, mashavu yamemvimba,
na darasa la tatu wanatoka mbio.