Mzizi wa "Funga"

Ghorofa ya pili, kiwanda cha zamani cha magunia, Dundee.
Juti iliondoka kabla sijazaliwa,
lakini ukigonga nguzo vumbi lake bado hushuka.
Hita inameza sarafu. Mvua inapapasa vioo.
Tuko wanne: mimi, Greer na penseli yake,
Struan anayecheza mwana,
na Netta Cargill, aliyepika chakula cha shule
miaka ishirini na minane
kabla ya kuthubutu kupanda jukwaani.

Onyesho la tatu. Mwana karudi baada ya miaka tisa.
Mama anamfungulia mlango.
Ukurasa mmoja na nusu, basi.

Jumatatu nilimwambia, "Huzuni zaidi."
Akaiongeza kama mtu aongezavyo chumvi.
Jumanne: "Punguza. Iwe ya ndani."
Akaiweka ndani; hatukuiona tena.
Jumatano, Mungu anisamehe, nilipanda mwenyewe
nikamwonyesha: mkono hivi, shingo hivi, pumzi hapa.
Akanirudia bega kwa bega,
mpaka na kikohozi changu.
Struan akatazama viatu vyake.

Usiku, nikipasha maharage,
nililitafuta kosa langu kwa lugha yao, sikulipata.
Nililipata kwa yangu:
wiki nzima nampa vivumishi,
na kivumishi hakina miguu,
hungoja nomino ipite kikabebwa mgongoni.

Alhamisi: "Netta, mlango huu unaufanyaje?"
"Naufungua. Imeandikwa."
"Jaribu kuufunga huku ukiufungua."
Akanitazama kama alivyowatazama, nadhani,
watoto waliorudi na bakuli mara ya pili.

Kwetu mzizi ni mmoja, nikamwambia,
halafu tunaufunga mikia.
Kwa mzizi huohuo watu huoana, hushinda na njaa,
hukaza mizigo, hutia mabao wavuni.
Nikamrushia mmoja mmoja,
kwa Kiingereza changu cha kupimapima:

Mfungie nje.
Kiwiko chake kikawa komeo.
Mfungulie.
Kiwiko kikalegea, jicho halikulegea.
Mfungie ndani, asiondoke tena.
Struan akarudi hatua, bila kuambiwa.
Jifunge.
(Mpirani, neno hili ni msiba.)

Hapo alikaa.
Hita ikazimika.
Nilikuwa na sentensi tayari ulimini, nzuri,
niliyoitunga ndani ya basi toka Broughty Ferry.
Nikaitafuna.

Netta akanyoosha mkono, akamvua Struan koti,
koti la mazoezi, kavu,
akalikung'uta mvua isiyokuwepo,
akalitundika kwenye msumari
ambao hakuna kati yetu aliyejua upo,
akauambia ukuta mstari wake:
"Umechelewa. Chakula kimepoa."

Sauti ya kawaida. Ya mtu mwenye masufuria ya kuosha.

Greer akainua penseli: "Niandike? Koti, msumari?"
"Andika mlango," nikasema. "Mengine mwachie mwenyewe."
Kesho huenda asiutafute ule msumari.
Huenda akautafuta, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Kisha akageuka, akauliza kama ilikuwa sawa.
Huuliza hivyo wote, na mimi hujibu haraka,
kama mwenye duka anayeogopa mteja asitoke.
Safari hii nilipekua mfuko, nikatafuta sarafu ya hita.

"Mfungulie tena," nikasema.
"Bado sijajua amefuata nini."