Hema la Vyumba Viwili

Kilo arobaini na mbili. Nimelipima mwenyewe
kwenye mzani wa korosho, ghalani Kitangari;
karani akacheka: "Hili nalo daraja la ngapi?"

Pamba nusu, poliesta nusu.
Mchana wa Oktoba, mabibo yakidondoka,
ndani mna ubaridi wa mtungi.
Watoto sita walilala, na Somoe akanyoosha miguu
bila kumkanyaga mtu.

Lakini mvua ya kwanza
lilikunywa kama mgeni wa ngoma,
likagoma kukauka siku tatu.
Nikalikunja bichi. Sasa lina madoa meusi,
linanuka dari lenye popo.

Turubai la nailoni jepesi, Somoe ananikumbusha.
Jepesi, ndiyo.
Mwaka jana tulilifuata mbio
hadi shambani kwa Nantauka.