Kilo Mbili na Robo

Fomu ya cheti ina nafasi ya mstari mmoja:
mahali ulipozaliwa, tarehe, saa.
Nimeichelewesha miaka arobaini na miwili.
Leo nimepanda nayo Mwika ndani ya pochi,
nimeilaza juu ya kitambaa cha meza alichofuma mama,
kalamu mkononi.

Baba anakohoa, anajibu kama msoma mita ya maji:
"Tarehe tatu Mei, themanini na moja. Jumapili.
Datsun ya Kimambo. Kilomita thelathini na tisa mpaka KCMC.
Himo tulisimamishwa, dakika kumi na tano.
Saa tano kasorobo usiku. Andika."

Naandika. Mama anachekea puani.
"Dakika kumi na tano! Ulikuwa mwaka mzima ule."
Kisha anaanzia pale anapoanzia siku zote, kwenye shati:
shati la kijani, kola imegeuzwa na fundi
maana dukani hapakuwa na kitambaa,
wala sabuni ya kukifulia kama kingekuwepo.
"Mchana tulikula ugali wa yanga. Niliutapika wote
kwenye mlango wa gari la watu, nikaona haya
hata uchungu ukanisahau kidogo.
Jumapili jioni gari bila kibali lilikuwa kosa.
Askari akaja na tochi, akanimulika tumbo, akaizima.
'Pole mama,' akasema, 'wangu naye yuko hivyo hivyo, Singida.'
Sauti ikamkatika pale pale kwenye Singida.
Kifungo chake cha pili kilishonwa kwa uzi mwekundu.
Na huyu baba yako, unajua alifanya nini?
Alihesabu nguzo za simu! Kwa sauti ya chini, moja, moja.
Mimi nalia, mwenzangu anahesabu nguzo.
Nilimchukia nguzo mia mbili nzima."

Baba anatazama dirishani, kwenye migomba.
"Mia nne na kumi na sita," anasema.

Tunacheka, sote watatu, kicheko chetu cha kawaida.
Nimeisimulia hii kwenye harusi, nimeisimulia kazini,
na wasikilizaji hutikisa kichwa: ndivyo walivyo,
mwanamume hukumbuka njia,
mwanamke hukumbuka waliosimama njiani.
Nami nimekuwa nikikubali, kwa kuwa inachekesha,
na kwa kuwa mume wangu, ukimuuliza tulivyokutana,
husema, "Stendi. Ilikuwa inanyesha."

Mama akaenda jikoni kuutazama mtori.
Baba akaivuta fomu, akaisoma yote,
kidole chini ya kila neno, mpaka kwenye mhuri.
"Hawaulizi uzito," akasema.

Nikangoja.

"Wewe ulikuwa kilo mbili na nusu.
Mwenzako kilo mbili na robo."

Mwenzangu.
Nilijua alikuwepo, kama unavyojua gizani
kwamba ukuta upo, ukapunguza mwendo.
Shangazi Ndeshukurwa aliwahi kuteleza ulimi, siku moja, basi.
Lakini mama, mwenye tochi na kola na uzi mwekundu,
mama ambaye hata matapishi ameyahifadhi,
hajawahi kumpitisha mtoto yule mdomoni.
Hadithi yake inafika mlango wa hospitali, inavuta pumzi,
inatokea upande wa pili na mimi peke yangu mgongoni.

"Walimpima?" nikauliza.
"Nilimpima mimi. Nesi akasema, baba, haina haja.
Nikamwambia, iko."

Akaipiga pasi fomu kwa kiganja, mara mbili, mara tatu.

"Kurudi nilimpakata. Kimambo aliendesha polepole sana.
Nguzo sikuhesabu."

Mama akaingia na bakuli, mvuke umemfunika miwani.
"Mmefika wapi?"
"Kwenye saa," baba akasema.
Akaweka bakuli chini. Akapita nyuma ya kiti chake,
akamnyooshea kola,
ambayo haikuwa imejikunja.