Mstari wa Arobaini na Moja

Simu mpya kumi na mbili zimefika Pongwe
zikiwa bado na nailoni usoni,
na zote zimeikataa programu yetu kwa adabu:
"Hii ilijengwa kwa ajili ya toleo la zamani."
Basi. Kama karani anayerudisha fomu
bila kuinua macho.

Na maziwa hayasubiri toleo.
Saa kumi na mbili asubuhi baiskeli zimepanga foleni,
madumu yanagongana, Mama Nasoro anataka lita zake kumi na nne
ziandikwe kumi na nne,
si "tutaandika kesho."

Mimi niko Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
juu ya duka la vipuri vya baiskeli.
Feni inazunguka kama kibarua anayelipwa kwa siku.
Nafungua faili la ujenzi alilotuachia Shemboza:
miaka sita halijaguswa,
maktaba tisa, nne hazina tena mwenyewe,
moja imebadili jina kama mdaiwa aliyehama mtaa.

Najenga. Nyekundu.
Napandisha hii, inadai ile;
naipa ile, inamkataa jirani
aliyekaa nayo miaka yote bila neno.
Mwashi ana bahati:
tofali la jana haliliambii la leo
"sikujui."

Makosa mia na arobaini.
Adhuhuri, thelathini na mawili.
Nikashuka kula kachori, nikarudi: mia na sitini.

Kisha mstari wa arobaini na moja.
Juu yake Shemboza ameandika:
"Usiguse hapa. Ukilazimika, nipigie kwanza."
Na namba.

Nikapiga.
Akapokea mama mmoja wa Uvinza, muuza chumvi.
Laini aliisajili mwaka juzi, Shemboza hamjui.
Nikaomba radhi. Akauliza nilikuwa nataka nini.
Sijui kwa nini nilimweleza yote,
simu, maziwa, mstari.
Akanyamaza; nikasikia chumvi ikichotwa, ikimwagwa.
"Sasa mwanangu, mwenyewe hayupo.
Ufunguo umebaki kwako. Gusa."

Nikagusa.
Ulikuwa umeifunga maktaba ya mizani kwenye toleo la pili
kwa ajili ya mizani moja ya Muheza
isiyoelewa lugha nyingine,
ambayo, nakumbuka sasa,
tuliiuza chuma chakavu mwaka ule wa mafuriko.
Miaka yote tumemnyamazia
mgonjwa aliyekwisha kuzikwa.

Kijani, saa tano usiku.
Sikushangilia. Duka la chini lilikuwa limefungwa,
nikabaki na feni.

Maneno ya Shemboza sikuyafuta.
Chini yake nimeandika yangu:
"Nimegusa. Sababu ni hii,"
nikaieleza sababu mistari mitatu,
na namba sikuweka.

Asubuhi Pongwe wakapiga:
simu kumi na moja zinapokea lita.
Ya tisa
bado inakataa.