Ishirini na Moja

Siku ya kwanza Hokororo hakunipa uzito.
Alinipa bomba tupu, akasema: "Anguka."
Nikacheka. Mimi, mpakia magunia wa Tandahimba,
korosho kilo themanini begani, ubao wa lori unayumba,
nije jimu kufundishwa kuanguka?

"Gunia likikushinda unalitupa," alisema.
"Hiki kitakulalia shingoni."

Basi nikachuchumaa, nikaachia.
Bomba likagota kwenye vyuma viwili vya pembeni
alivyochomelea mwenyewe kutoka chesisi ya Landrova,
chini kidogo ya pale mapaja yanapokoma,
juu kidogo ya pale mtu anapofia.
Tena. Tena.
Binti yake Somoe akihesabu huku anamenya muhogo:
kumi na tisa, ishirini. Basi, leo yatosha.

Ndipo yakaja mengine:
kisigino kisiondoke sakafuni,
goti lifuate kidole cha mguu,
pumzi uijaze tumboni kwanza, kisha ushuke,
na ukilala njaa, ndugu yangu, punguza sahani,
chuma hakijui kuwa jana ulikiweza.

Mwezi wa pili, msimu umeisha, mfuko mkavu,
nimekunywa chai tupu, nikapakia mia na kumi.
Nilishuka vizuri.
Katikati ya kupanda goti la kushoto likaingia ndani,
mgongo ukaanza kukunjika kama mkeka.
Hokororo yuko nje, anazungumza na simu.

Nikaachia.

Kishindo kiliwakimbiza mbuzi wa jirani.
Vumbi jekundu likatua juu yangu, mzima, nimekaa chini.
Somoe hakuinua hata macho kwenye muhogo wake.

"Ishirini na moja," alisema.