Hatua ya Nne

Murhula, umeme umerudi usiku huu saa nne na robo,
na ile spika yako ndogo, flashi ingali ubavuni mwake,
imeanza yenyewe katikati ya wimbo.

Uliniambia: moja, mbili, tatu, gusa.
Ulisema hatua ya nne si hatua,
mguu unagusa sakafu kama kidole kinavyoonja chumvi,
hauwekewi uzito, unarudi ulikotoka.
Nikacheka, kwa kuwa sisi wa Kadutu
tunaoteremka ngazi za udongo mvua ikinyesha
hatujui kukanyaga bila kukanyaga.

Tulicheza kati ya cherehani na kitanda,
nafasi ya mkeka mmoja na nusu.
Uliponizungusha, kiwiko changu kiligonga kabati,
vikombe vikaitikia.
Mama Cibalonza akapiga ukuta, akapiga tena,
kisha nikasikia anapiga kwa mpigo.
Na lile gitaa! Kama mtu anayekuna kidonda
akaona raha yake.
Neno moja tu tulilijua, korasoni,
mengine tuliyajaza wenyewe.
Wewe ulisema anayasifu macho ya mpenziwe.
Mimi nikasema hapana, anamwita mezani,
sambaza zinapoa.

Miezi kumi na mmoja hivyo.

Ulipoondoka ulisema Goma, wiki mbili.
Bandarini, juu ya magunia ya watu, uliinua mkono.
Ulikuwa unaniaga au unajikuna shingo?
Mpaka leo sijui.
Wiki mbili zikazaa Kampala.
Kampala ikazaa kimya.

Jana alikuja Sista Nankafu na mapazia ya kanisa.
Aliishi Malabo miaka sita, Kihispania anakijua.
Alinyamaza, miwani mkononi, akiielekea spika,
akasema: mwanangu, huyu mtu anaaga.
Tangu mwanzo hadi mwisho anaaga tu.
Anasema, usinisubiri,
uza kitanda.

Uza kitanda!
Nasi tulikuwa tunabusiana papo hapo,
magoti yetu yakigusa mbao zake.

Nimecheka, Murhula, mpaka Sista akaniogopa.
Kisha nikapima mapazia: mita mbili na nusu,
pindo la vidole vitatu.
Mkono haukutetemeka hata kidogo,
na hicho ndicho kilichonitisha.

Suruali yako iko hapa bado,
mguu mmoja nimeupinda, wa pili unaning'iniza nyuzi.
Sitaimalizia. Sitaichana pia.
Atakayekuja na miguu isiyolingana, aichukue.
Kitanda siuzi. Nilikinunua mimi
kwa sare za shule hamsini na tatu,
na wa hamsini na nne hajalipa.

Sasa wimbo umefika pale gitaa linapobaki peke yake.
Nimevua kandambili. Saruji ni baridi.
Moja.
Mbili.
Tatu.
Na ya nne nimeikanyaga,
kwa uzito wangu wote, kisigino na vyote.

Dansi imeharibika. Gitaa limenipita, limekwenda zake.
Vikombe vimeitikia kabatini.
Ukutani, Mama Cibalonza amepiga mara moja,
kama anayeuliza.

Nimesimama.