Kufumua Jina

Mimi ndiye ninayeshona majina ya wachezaji
migongoni mwa jezi, hapa Duluth, kwenye kiwanja cha barafu.
Dola mbili kwa herufi.
Chumba changu kiko nyuma ya mashine ya kusawazisha barafu,
kinanuka dizeli na glavu mbichi,
na kazi yangu ya pili, wasiyoilipia, ni kufumua.

Garth Wawrzyniak nilimshona mara tatu.
Herufi kumi, W mbili,
na W hazitoshi kamwe kwenye kopo langu:
nilichukua M nikaipindua.
Hakuna aliyeona ila yeye.
Aliishika jezi mbali na uso, kama mtu anayesoma barua ya benki,
akasema, "Bi Aune, hii W inatembea kwa mikono."

Beki wa kushoto. Mtoto wa Yorkton, kwenye ngano,
baba yake fundi wa matrekta.
Miaka kumi na minne, timu kumi na moja,
mara moja alibadilishwa na kipa wa akiba
pamoja na salio la deni la basi.
"Sijui," aliniambia, "deni lilikuwa kubwa kiasi gani.
Sikutaka kuuliza."

Ligi kuu aliionja: mechi moja.
Dakika nne na sekunde kumi na moja,
kisahani kilimgusa fimbo mara mbili.
Jezi ya siku ile anayo, na mgongoni
imeandikwa WAWRYNIAK.
Z ilisahauliwa na mshonaji mwenzangu, mbali huko,
usiku, labda, wa harusi ya bintiye.
Nilimtetea. Garth alicheka
kwa meno yake manne ya mbele ambayo si yake.

Basi kila aliporudi kwetu
(kutoka Wichita, na goti;
kutoka Boise, na mke; kutoka Boise tena, bila mke)
nilianza na Z.
Niliishona kwanza, katikati ya mgongo mtupu,
uzi maradufu,
kisha nikawaita wenzake wengine kushoto na kulia.

Machi, meneja alisimama mlangoni, kofia mkononi.
Wakivua kofia najua ni nani.
"Yule mrefu," akasema.
Nikachukua wembe.
Jina huchukua saa moja kulivaa
na dakika sita kulivua.
Alikuwa bado kwenye maegesho, anafunga fimbo zake juu ya gari,
mikono mitupu, baridi hiyo,
nami ndani nimeshafika kwenye R.

Jezi hazitupwi, ni dola tisini kila moja.
Namba nne akapewa kijana kutoka Roseau, anaitwa Lund.
Herufi nne, nyepesi, nilimaliza kabla chai haijapoa.
Lakini mataa ya kiwanja yakimpiga mgongoni
utaona, ukijua pa kutazama,
matundu ya sindano yakimzidi huku na huku,
kama mtoto aliyevaa koti la mjomba.

Juzi imekuja kadi kutoka Denmark, mji siuwezi kuutamka.
Mwandiko wake umelala upande, kama basi kwenye kona.
"Bi Aune, huku hawashoni. Wanabandika kwa pasi.
Kipindi cha pili langu lilibanduka lote,
nikamaliza mechi sina jina.
Nilifunga goli."
Halafu chini, kwa kalamu nyingine:
"Si kweli, hilo la goli."

Kopo langu sasa lina W tano.
Nimeziagiza mwenyewe.